Mwanafunzi Wangu Anajua Kazi, Lakini Hunitazama Mimi Kwanza

Shikamoo Mshauri,

Nasoma safu yako kila inapotoka, na mara nyingi huwa upande wa wanaocheka kimoyomoyo: hili nalo la kuandikia barua? Leo zamu yangu imefika.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, huu ni mwaka wa 14 kazini, na kwa miaka sita sasa napokea wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaokuja idarani kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Hukaa nami wiki nane. Wiki ya nane ikiisha najaza fomu ya tathmini, na kwenye fomu hiyo kuna kisanduku kimoja kinachoninyima usingizi: "Anaweza kuhudumia wagonjwa bila kusimamiwa." Ndiyo au hapana. Nafasi ya kuandika "inategemea" haipo.

Niliye naye sasa yuko wiki ya tano. Kwa mambo ya vitabuni ananizidi nilivyokuwa umri wake. Muulize misuli ya bega, atakutajia pamoja na mishipa ya fahamu inayoiendesha. Akipima goti linavyokunjika kwa goniometa, nami nikarudia, tunapishana digrii mbili tatu tu. Wagonjwa wanampenda. Anawaita kwa majina, haharakishi mtu, na akitaka kuelekeza zoezi analala mwenyewe kwenye mkeka ili mgonjwa aone. Maarifa anayo.

Tatizo lake ni macho.

Wiki ya pili tulikuwa na mama aliyepooza upande wa kushoto kwa kiharusi. Ilikuwa siku yake ya kwanza kuinuka kitandani na kuhamia kwenye kiti. Kijana aliandaa kila kitu bila kuambiwa. Alifunga breki za kiti, akamsogeza mama hadi ukingoni mwa kitanda, akazirudisha nyayo za mama nyuma kidogo ya magoti, akaweka goti lake mbele ya goti dhaifu la mama lisije likakunjika, na ule mkono uliolegea akautegemeza vizuri badala ya kuuvuta. Kazi safi. Kisha, mama akiwa ameshainamia mbele tayari kuinuka, akainua kichwa akanitazama juu ya bega lake. Mama kabaki pale ameinama. Nikatikisa kidevu. Wakainuka.

Nilidhani ni woga wa siku za mwanzo. Sasa ni wiki ya tano na kidevu changu bado kina kazi. Kuongeza uzito wa zoezi, ananitazama. Kumtoa mgonjwa kwenye mikongojo miwili kwenda mmoja, ananitazama. Mgonjwa akimwuliza "nitarudi lini kazini?" anageuka kwangu swali halijaisha. Na mimi, nikubali kosa, hujibu. Foleni ni ndefu, na ni rahisi kusema "endelea" kuliko kusimama pale kama sanamu. Siku nyingine naona mkono wake unasita, na kabla sijafikiri wangu umeshafika.

Kilichonifanya niandike kimetokea wiki iliyopita. Alikuwa na mzee wa maumivu ya mgongo, ziara ya tatu, mgonjwa ambaye sote tulimchukulia wa kawaida. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la pili na mtu mwingine. Katika mazungumzo ikatoka kwamba tangu juzi mzee anakaa sana chooni kabla mkojo haujaanza kutoka, na kwamba akiketi anahisi kama amekalia pamba. Kijana akaandika. Nimeona kwenye faili, neno kwa neno, kwa ule mwandiko wake mzuri. Halafu akaendelea na mazoezi. Nilipokuja upande wake, dakika kama 20 baadaye, akanipa faili na kusema, "Hapa nilitaka kukuuliza."

Nguvu ziliniishia. Mzee alifikishwa kwa daktari saa ileile, akapigwa picha ya mgongo, na usiku huohuo akafanyiwa upasuaji. Anaendelea vizuri. Nilipomwuliza kijana kwa nini hakuniita, alinijibu kwa upole kabisa: "Nilijua utakuja."

Baada ya wiki tatu sitakuja tena. Kituo anachotarajia kwenda akihitimu ni kidogo, na fiziotherapia nzima pale itakuwa yeye peke yake.

Mwenzangu idarani ananiambia nisaini tu, sote tulijifunzia kazini. Mratibu wa chuo anataka alama, hataki hadithi. Nikiandika hapana, kijana atarudia awamu nzima, usajili wake utachelewa, na najua ada ya kwao haikupatikana kirahisi. Nikiandika ndiyo, kila simu itakayolia usiku nitadhani imetoka kituo kile.

Kuna jambo jingine, sijui kama linahusiana. Mwezi wangu wa kwanza wa ajira niliachwa peke yangu wodini. Nikamsimamisha mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji siku moja kabla. Sikupima presha. Alizimia mikononi mwangu, nikashindwa kumzuia, akapasuka paji la uso. Alipona, ila mimi naikumbuka sauti ya kichwa chake sakafuni hadi leo. Nilipoanza kusimamia wanafunzi niliapa kwamba hakuna atakayeachwa namna ile. Na hakuna aliyeachwa.

Nisaini au nisisaini?

Msimamizi Mwenye Kidevu Kilichochoka

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu niliisoma nikiwa na kalamu mkononi. Neno "hapana" umeliandika mara mbili. Kidevu chako umekiandika mara tatu, na hiyo ya tatu umekifanya jina lako. Ndiyo maana nina shaka kidogo kama ulichoniandikia ni kile kisanduku.

Nikwambie nilivyokuelewa, nikikosea unirudishe. Una kijana mwenye mikono mizuri na moyo mzuri, ambaye hafanyi uamuzi hata mdogo bila kuusoma kwanza usoni pako. Unaombwa umdhamini mbele ya wagonjwa usiowajua, katika chumba ambacho hutakuwamo. Unampenda, unamwogopea, na unawaogopea hao wagonjwa zaidi. Juu ya hayo umebeba sauti ya sakafu ya zamani. Mimi sijaiona mikono ya kijana wala fomu haitakuwa na jina langu, kwa hiyo neno la kusaini utalisema mwenyewe. Ila nilisimamia wanafunzi wodini miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua, na kuna mahali kwenye simulizi yako ningependa turudi pamoja.

Umefunga furushi moja, mimi naona mizigo miwili. Kwa mama wa kiharusi, kijana aliomba ruhusa pasipo na haja. Kwa mzee wa mgongo, hakuomba msaada penye haja. Mtu aliyezoea kukuegemea kwa kila kitu ungetarajia aruke hadi kwenye pazia lako mara tu aliposikia habari ya mkojo. Hakuruka. Ukimpa dawa ya "jiamini", huenda ukamtibu kwa mama na ukamdhuru kwa mzee, maana anayejiamini zaidi bila kingine kubadilika ataandika dalili ileile kwa mwandiko uleule, na safari hiyo asiseme hata "nilitaka kukuuliza".

Kinachoviunganisha visa hivi, nionavyo mimi, ni kwamba uamuzi anauona ni mali yako. Mikono ni yake, masikio ni yake, faili ni lake. Lakini "sasa" ni yako. Kwa mama alingoja uitamke, kwa mzee alingoja uje nayo. Na lile jibu lake, "nilijua utakuja", usilisome haraka kama jibu la mzembe. Ni jibu la mtu ambaye kwa wiki tano hajaona hata siku moja usije.

Rudi kwenye faili la mzee unitazamie kitu kimoja. Umeandika kwamba "ikatoka" katika mazungumzo. Ilitokaje? Mzee aliropoka mwenyewe, au kijana aliuliza? Sote tunajua kwamba mgonjwa wa mgongo huulizwa habari za kibofu, choo kikubwa, ganzi ya matako na mapaja ya ndani, na nguvu za miguu yote miwili, kwa sababu mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti wa mgongo ikibanwa, saa zinahesabika na kibofu kinaweza kisirudi kamwe. Na mzee huyu alikuwa ziara ya tatu, mgonjwa wa kawaida, aina ambayo wengi wetu, mimi nikiwamo, huacha kumwuliza tena. Kama kijana aliuliza upya siku ile, basi nusu ngumu ya kazi aliifanya, tena pale ambapo wakongwe husinzia. Kilichobaki ni mguu kufuata sikio. Kama hakuuliza, hilo nalo ulijue, kwa sababu mafunzo yake yatakuwa mengine.

Sasa macho. Umeyasoma kama upungufu. Inawezekana. Lakini kuna maelezo mengine ambayo hujayapa nafasi: wewe ndiye mwenye kalamu. Mtu anayekaguliwa humtazama mkaguzi, hata kama nyumbani kwake hufanya jambo lile akiwa amefumba macho. Ukiwa umesimama mita moja kutoka kwake huwezi kujua kama anakutazama kwa sababu hajui au kwa sababu upo. Njia ya kujua ni moja, usiwepo. Barua yako yote sijaona mahali ulipotoka, isipokuwa ile siku ya pazia, na siku hiyo hukutoka kwa kupanga, ulikuwa na shughuli.

Hapa ndipo kidevu kinaingia, na nakiingiza kwa upole kwa sababu ninacho na mimi. Miaka ya 1970 mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima walimu husubiri kwa muda gani baada ya kuuliza swali. Wengi walisubiri kama sekunde moja. Waliponyoosha kimya hicho kufikia sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu, yakaja na sababu zake, na waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Sekunde mbili tu za nyongeza. Wewe umeandika kwamba mkono wako hufika kabla hujafikiri. Je, umewahi kuona kinachotokea sekunde ya tatu?

Najua utakachonijibu: mama ameinama ukingoni, sekunde tatu kwake ni mwaka. Ni kweli, na hapo simuachi mgonjwa alipie somo la mwanafunzi. Kwa hiyo kimya chako kihamishie mlangoni. Kabla hamjaingia kwa mgonjwa, simameni nje ya pazia, umwulize: leo unafanya nini, kwa nini, na ni kitu gani kitakufanya usimame? Hilo la tatu ndilo ninaloona linasahaulika sana. Akikwambia, "Nitamsimamisha, nitapima presha akiwa amelala, kisha akisimama, na ile ya juu ikishuka kwa 20 au akibadilika rangi namrudisha", basi ameshaamua, nawe umeshasikia. Mwambie waziwazi: ukishaingia mle ndani sitakutikisia kitu, nikiona hatari nitasema "simama", na nisiposema, ujue ni yako. Halafu kaa mahali ambapo macho yake hayafiki usoni pako. Nyuma yake, ubavuni mwa mgonjwa, unapoweza kudaka mtu akianguka. Niliwahi kumsimamia mwanafunzi kwa namna hiyo. Siku mbili za kwanza alikuwa akigeuza shingo kama kuku anayetafuta sauti. Siku ya tatu akaacha.

Wenzetu wanaofundisha madaktari wana mtazamo unaoweza kukusaidia na kile kisanduku. Mholanzi Olle ten Cate aliuweka mezani mwaka 2005: badala ya kuuliza kama mwanafunzi "yuko tayari", uliza ni kazi ipi unaweza kumkabidhi, na kwa usimamizi wa kiasi gani. Kuna kutazama tu, kuna kufanya ukiwa chumbani, kuna kufanya ukiwa jirani unayeitika upesi, kuna kufanya peke yake, na mwisho kabisa kuna kumsimamia mwingine. Mtu mmoja anaweza kuwa ngazi ya nne kwenye goti lililobadilishwa na ngazi ya pili kwenye mapafu ya mgonjwa mahututi, na hakuna ajabu hapo. Hata wewe, miaka 14, zipo kazi ambazo ungetaka mtu awe jirani.

Chukua karatasi, orodhesha kazi saba au nane anazokwenda kukutana nazo kule: mgongo mpya aliyekuja bila barua ya daktari, kiharusi anayerudi nyumbani, kifundo kilichoteguka, mtoto, mgonjwa anayelia badala ya kufanya mazoezi, ndugu wa mgonjwa anayetaka ahadi. Mbele ya kila moja andika ngazi aliyopo leo. Kisha umpe na yeye karatasi tupu ajaze yake, bila kuiona yako. Mkizilinganisha, pale mnapopishana ndipo pa kufanyia kazi wiki tatu hizi. Usishangae ukikuta yeye amejipa ngazi za chini ambapo wewe umempa za juu. Hapo utakuwa umepata jibu la macho.

La mzee wa mgongo ningelitenga kabisa na haya, kwa sababu lile halihitaji ujasiri, linahitaji desturi. Kuita msaada mapema ni sehemu ya kujitegemea, na tatizo ni kwamba wanafunzi wengi wanadhani ni kinyume chake: wanadhani nikiita nitaandikiwa hapana. Je, umewahi kumwambia kwamba kuita kunampa alama? Mwambie. Kisha mfanye azoee kwa mdomo. Kaa naye baada ya kazi, ujifanye wewe ndiye daktari wa zamu mwenye haraka na usingizi, naye akupigie simu. Mara ya kwanza ataanza mbali: samahani daktari, nina mzee hapa, alikuja wiki mbili zilizopita na maumivu... Mkatishe. "Unataka nini?" Arudie mpaka itoke hivi: "Nina mgonjwa wa mgongo. Tangu siku mbili anashindwa kuanza kukojoa na ana ganzi sehemu anayokalia. Naomba aonekane sasa hivi." Pumzi moja. Fanyeni hivyohivyo kwa mguu uliovimba upande mmoja, shavu la mguu la moto na linalouma baada ya upasuaji. Fanyeni na kwa maumivu ya usiku yasiyotulia kwa mkao wowote, kwa mtu anayekonda na aliyewahi kuwa na saratani. Sentensi ikiwa tayari mdomoni, hangoji mtu aje.

Halafu huko anakokwenda, "nilijua utakuja" itahitaji mrithi. Nani? Kabla hajaripoti, anajua mgonjwa wa dharura anapelekwa hospitali gani, na simu inapokelewa na nani saa kumi jioni? Yuko mkongwe mmoja aliyekubali kupigiwa simu mara moja kwa wiki, wajadili wagonjwa wawili watatu? Anaweza kuwa wewe, kama una nafasi, ila usijitolee kwa sababu ya hatia tu, maana utachoka baada ya miezi mitatu naye ataachwa vilevile.

Nije kwenye kusaini. Ukisaini na ukawa umekosea, gharama inalipwa na mgonjwa, na baadaye na kijana mwenyewe, kwa namna unayoijua wewe kuliko mimi. Maneno ya mwenzako, kwamba sote tulijifunzia kazini, ni kweli. Ila wewe ndiye ushahidi wa bei yake. Mwaka 2003 Kathleen Duffy wa Uskoti alichapisha utafiti juu ya wasimamizi wa wanafunzi wa uuguzi, akaonyesha namna walivyowapitisha wanafunzi waliokuwa na mashaka nao. Hawakuwa watu wabaya. Walichelewa kusema, wakamwonea mwanafunzi huruma, wakampa nafasi ya shaka, wakaona wiki ya mwisho si wakati wa kuleta balaa. Ukijiona humo, usijilaumu. Wewe uko wiki ya tano, bado mapema.

Usiposaini, hilo nalo lina uzito wake. Anaweza kurudi kurudia awamu kwa msimamizi mwingine mwenye kidevu kama chako, akatoka vilevile, tofauti ikiwa ni ada. Anaweza pia kujifunza kwamba kuandika ukweli kwenye faili na kukuonyesha ndiko kulikomponza, na mwingine atakayeficha akapita. Zaidi ya yote, anaweza kushtuka. Hilo ndilo ningelikwepa kwa vyovyote: asilisome kwenye fomu jambo ambalo hukumwambia uso kwa uso. Umemwuliza kwa nini hakukuita, akakujibu kwa upole. Lakini je, anajua kwamba kisanduku chake kinayumba? Barua yako haisemi. Kama hajui, wiki tatu hizi anazipoteza bila kujua ana deni gani.

Na kuna njia ya katikati, isiyo laini sana. Mwandikie mratibu sasa, usingoje wiki ya nane, umweleze kwa visa na tarehe, si kwa "hajiamini". Umwulize kama fomu inaweza kuambatishwa ukurasa wa ngazi, na kama awamu inaweza kurefushwa kwa wiki chache badala ya kurudiwa yote. Anaweza kukukatalia. Anaweza kukuona msumbufu. Lakini utakuwa umesema mapema na kwa maandishi, na kijana atakuwa na chuo kinachojua. Zile dakika 20 pia, kama hazijaandikwa kwenye taarifa ya matukio ya idara yenu, ziandikwe, na jina lako liwemo, kwa sababu mgonjwa alikuwa wa nyinyi wawili.

Nikuchekeshe kidogo. Fani yetu yenyewe ilikaa miaka mingi ikimtazama daktari kabla ya kuinuka. Chama cha wataalamu wa fiziotherapia cha Australia kilikuwa na kanuni ya maadili iliyowataka wasimguse mgonjwa asiyeletwa na daktari, na wakaifuta mwaka 1976. Walioifuta walikuwa watu wazima, wenye vyeti na miaka ya kazi. Kijana wako ana wiki tano.

Mwisho, lile ulilosema hujui kama linahusiana. Mgonjwa wako alianguka kwa sababu uliachwa ghafla, bila ngazi, bila mtu wa kumwita, na bila mtu aliyekuuliza mlangoni nini kitakufanya usimame. Ukaapa kutomwacha mtu, na kiapo umekitunza. Ila nakuomba ukiangalie tena hicho kiapo: kuachwa na kupewa nafasi huenda vinafanana kwa mbali, hasa kwa mtu aliyeumizwa na kimoja. Inawezekana kwamba kila mkono wake unaposita, wewe humwoni yeye. Unamwona yule wa wodini, nawe unakimbia kumdaka.

Kijana amewahi kukisikia kisa hicho kutoka kwako? Paji la uso, presha isiyopimwa, sauti ya sakafu, vyote? Kama bado, mwambie wiki hii, mkiwa mmekaa, faili zimefungwa. Kisha nyamaza uone atakuuliza nini. Ningependa kujua, ukipata nafasi ya kuniandikia tena.